Sarafu Nne Chini ya Mguu wa Kitanda

Siku ya Jumatano, saa nne na robo asubuhi, nilimwangusha mama mkwe wangu kutoka kitandani. Yeye alikuwa juu, anasikiliza redio. Mimi nilikuwa chini, na jeki ya gari.

Najua inavyosikika. Mwanamume wa miaka arobaini na minane hana kazi chini ya kitanda cha mama mkwe, na hata akiwa nayo, kazi hiyo haipaswi kuhitaji jeki. Lakini nilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ya milioni moja na laki mbili.

Mimi ni fundi wa vitanda. Niliacha shule darasa la sita, baba akanipa randa, na tangu hapo sijatengeneza kitu kingine. Mtu akitaka kabati namwelekeza kwa jirani. Mwezi mmoja kabla ya Jumatano hiyo, mota ya msumeno wangu wa mezani iliungua. Ilitoa moshi, ikanuka kama soli ya kiatu kwenye moto, ikanyamaza. Fundi wa umeme aliifungua, akaitazama, akaifunga tena.

"Hii tuizike," akasema.

Mota mpya ilikuwa laki tisa na nusu. Nilikuwa na laki moja na elfu kumi. Na nilikuwa na oda ya vitanda sita vya bweni, oda nzuri kuliko zote za mwaka ule. Kwa mashine, kitanda ni kazi ya siku moja. Kwa mkono ni siku nne, na bega linakudai wiki nzima. Mama wa bweni alinipa wiki tatu. Akaongeza, kwa upole ule unaoudhi kuliko tusi, kwamba mtaa wa pili kuna duka la vitanda vya chuma. Vinakuja ndani ya boksi, na mtu yeyote mwenye spana anaviunga.

Nilikuwa natoka kuulizia bei ya mota, kwa mara ya nne, kama vile ingeshuka kwa kunionea huruma, nilipopita mbele ya duka la yule tunayemwita Bwana Lenzi. Ni chumba kimoja, kati ya fundi cherehani na mtu wa kutoa kopi. Anauza saa mbovu, stempu na pesa zilizokufa. Nyuma ya kioo cha dirisha, juu ya kitambaa chekundu, kulikuwa na sarafu moja. Ndege upande mmoja, anatazama kushoto. Kando yake kikaratasi: milioni moja na nusu.

Nikasimama. Ile sarafu niliijua. Nilikuwa nimezitoboa kama elfu mbili.

Hapa itabidi nimtaje baba. Miaka thelathini na moja iliyopita pesa ilibadilishwa. Wakatangaza siku ya mwisho ya kupeleka za zamani: saa kumi jioni, dirisha linafungwa, kwaheri. Baba alikuwa na ndoo nzima ya sarafu. Mwenye mashine ya kusaga alimlipa mabenchi kwa gunia la sarafu mpya za wakati huo, na baba, ambaye hakuamini benki, alizimimina ndooni zikakaa. Siku ya mwisho alizihesabu kabla ya kuzipeleka. Akapata jumla. Akahesabu tena ahakikishe, akapata jumla nyingine. Akahesabu mara ya tatu. Alipofika, dirisha lilikuwa limefungwa.

Alirudi na ndoo. Asubuhi alichukua drili, akatoboa sarafu ya kwanza katikati, akaipitisha kwenye boliti ya kitanda mahali pa washa, kile kibati cha duara kinachokaa chini ya nati. Ikakaa kama iliyozaliwa pale.

"Sasa zitafanya kazi," akasema.

Tangu siku hiyo hatukununua washa. Kila kitanda kina boliti nane, kila boliti sarafu moja. Baba alitoboa, nami nikatoboa, hadi ndoo ikaisha, miaka tisa iliyopita, mwaka ule ule aliofariki. Mji huu mzima umelala juu ya ndoo ya baba yangu.

Kwa hiyo nilikimbia karakana, nikafungua kitanda kimoja kilichokuja kukarabatiwa, nikatoa sarafu, ndege wa kushoto, nikarudi nayo kwa Bwana Lenzi mkononi.

Bwana Lenzi ni mtu mwembamba, anavaa glavu nyeupe hata anapopokea simu.

"Upande mmoja au pande zote mbili?" akauliza.

"Upande mmoja wa nini?"

"Kutazama. Upande mmoja elfu tano. Pande zote mbili elfu nane. Ukingo ni bure."

Nikalipa elfu nane. Akaweka lenzi jichoni, akatazama upande wa kwanza muda wa kutosha kupika maharage. Akageuza, akatazama wa pili. Kisha akainua sarafu, akanichungulia kupitia katikati yake.

"Ina tundu," akasema.

"Najua. Nimelitoboa mimi."

Akashusha lenzi. Akatoa kitabu kinene rafuni, akafungua pasipo kutafuta, akasoma kwa sauti ya msomaji wa taarifa ya habari: "'Ndege wa kushoto. Yalitoka magunia matatu kabla ya kosa la mchoro kugunduliwa. Nzima zinazojulikana: saba. Nyingi hupatikana zikiwa zimetobolewa katikati. Sababu haijulikani. Wataalamu wanaona huenda zilivaliwa shingoni wakati wa ibada.'"

"Ibada gani?"

"Haijulikani, fundi. Ndiyo maana wameandika haijulikani."

"Ni boliti ya kitanda. Milimita nane."

Aliinuka, akafunga mlango, akarudi kuketi.

"Umetoboa ngapi?"

"Mimi na baba? Vitanda kama mia mbili na themanini. Zidisha mara nane."

Akabonyeza kikokotoo. Elfu mbili mia mbili na arobaini. Alikitazama kikokotoo, akanitazama mimi, akavua miwani, akanipa mkono akiwa na glavu zake.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Mimi nani?"

"Uliyezipandisha bei. Zingebaki nzima zote, ile ya dirishani ningeiuza elfu mbili na bado mteja angeomba apunguziwe. Sisi tulio kwenye biashara hii tumekuwa tukijiuliza miaka yote nani amezimaliza."

"Basi nina haki ya kupata kitu."

"Una haki ya kupewa mkono. Nimeshakupa."

Nikamuuliza hii yenye tundu anaichukua kwa kiasi gani. Akanirudishia. Nikamuuliza nikileta nzima.

"Nzima, haijakwaruzwa, haijasuguliwa, haijang'arishwa na mtu mwenye nia njema: milioni moja na laki mbili. Taslimu."

"Nikileta mbili?"

"Zikiwa mbili nitakulipa laki saba saba. Zitakuwa zimeanza kuwa nyingi."

"Na tatu?"

"Zikiwa tatu, fundi, tengenezea kitanda."

Nilitembea hadi nyumbani bila kuona njia. Elfu mbili mia mbili na arobaini, na kila moja nimeipitisha drili kwenye tumbo la ndege. Usiku nilihesabu vitanda vyote tulivyowahi kutengeneza, kimoja kimoja, kwa majina ya wenyewe, nikitafuta ambacho huenda boliti haikupata washa, au drili ilikuwa mbovu. Nilipofika kitanda cha mama mkwe nikakaa.

Kitanda kile niliwapelekea wakwe mwaka nilipooa, miaka ishirini na miwili iliyopita, zawadi. Mbao ngumu, kizito, watu sita kukiinua. Tulipokiweka chumbani kikayumba, maana sakafu ya chumba kile imelalia upande wa mlango. Mguu mmoja ulining'inia. Nikataka kuchonga kabari. Baba akanizuia, akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua. Sarafu nne, nzima.

"Hizi usizitoboe," akasema. "Gundisha hizi chini ya mguu. Azilalie."

"Kwa nini?"

"Gundisha."

Nikachimba kishimo kidogo kwenye unyayo wa mguu, nikazipanga nne kwa gundi, kitanda kikatulia. Njiani kurudi nilimsikia baba anacheka peke yake. Baba hakuwa mtu wa kucheka. Nilidhani ni ile soda ya kwa wakwe.

Sasa tatizo likawa kumtoa mama mkwe kitandani.

Mama mkwe si mgonjwa. Ana afya kuliko mimi. Alifanya kazi posta miaka thelathini na minne, dirisha namba tatu, amesimama, na alipostaafu akasema sasa ni zamu ya miguu kupumzika. Hashuki kitandani kabla ya saa sita mchana. Nyumba nzima anaiendesha kutoka pale: simu, redio, funguo zote, daftari la kikundi cha akina mama, kengele ndogo ya kumwita mtu. Saa sita akishuka anafunga chumba kwa ufunguo, na ufunguo anatembea nao.

Nilijaribu kwa heshima. Jumatatu nilimpigia nikasema jirani yake anamwita nje. "Mwambie aingie," akasema. Jumanne nilikwenda mwenyewe nikamwambia kitanda kina wadudu wa mbao.

"Wako wapi?"

"Wako ndani, mama."

"Nimelala nao miaka ishirini na miwili, wangekuwa wameshanisalimia."

Jumatano nikakodi jeki. Nilimwambia mke wangu nakwenda kukaza boliti za kitanda cha mama yake, naye akaja pia, akaanza kufua uani. Nikabisha hodi chumbani, nikasalimia, nikaeleza.

"Kaza," mama mkwe akasema, macho kwenye redio. "Mimi sikuzuii. Ila sishuki, kuna habari."

Nikaingia chini. Sakafu ile inapigwa nta kila wiki, inang'aa kama sinia, na hilo nilipaswa kulifikiria. Nikaweka jeki chini ya ubao wa pembeni, nikaanza kupandisha, polepole, pumzi kwa pumzi.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Mbona napanda?"

"Ni kukaza, mama. Kikikazwa kinajivuta juu."

"Boliti si ziko huku juu?"

"Hii ni ya chini."

"Haya. Kazi njema."

Mguu ukaachana na sakafu. Nikalala chali, nikaingiza patasi kwenye kishimo, nikagonga kwa kiganja nisipige kelele. Gundi ya baba ilikuwa gundi. Nikagonga tena. Zikatoka zote nne kwa mkupuo mmoja, zikaniangukia kifuani. Nikawasha tochi. Iliyokuwa imekaa ya pili kutoka juu ilikuwa inang'aa kama jana. Ndege, kushoto. Unyoya mmoja mmoja.

Nikainua mkono niitazame vizuri, kiwiko kikagonga jeki, jeki ikateleza kwenye nta.

Upande ule wa kitanda ukashuka kwa mpigo. Mama mkwe hakupiga kelele. Alishuka kwa utaratibu, kama mzigo unaoteleza kwenye kaunta: kwanza redio, kisha funguo, kisha mto, kisha yeye mwenyewe na shuka lake, akakaa kitako sakafuni. Nami nilikuwa bado chini ya kitanda, nimelala ubavu, tochi mkono mmoja, sarafu mkono mwingine. Tukatazamana.

"Kumbe ndiko uliko," akasema.

Mke wangu akaingia mbio, povu la sabuni hadi viwikoni. Alimtazama mama yake, akatazama kitanda kilivyoinama, akaniona mimi.

"Umemwangusha mama?"

"Jeki imeteleza."

"Jeki ya nini? Wewe si ulisema boliti?"

"Mwache atoke kwanza," mama mkwe akasema. "Huwezi kumhoji mtu ambaye nusu yake iko chini ya kitanda."

Nikatoka. Tulimkagua. Hakuvunjika popote, alipata mchubuko kwenye kiwiko. Redio ndiyo iliyofariki. Tukataka kumrudisha kitandani, akakataa. Akabaki pale pale sakafuni, akanyoosha mkono, kiganja juu, vile wanavyofanya wale wa madirishani unapochelewa kutoa fomu.

Nikaweka sarafu nne kwenye kiganja chake. Na kwa kuwa sikuwa na uongo mwingine, nikaeleza yote: mota, vitanda sita vya bweni, Bwana Lenzi, magunia matatu, milioni moja na laki mbili.

"Kwa chenji," mke wangu akasema. "Unataka kumuua mama yangu kwa ajili ya chenji."

Mama mkwe alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa anazigeuza sarafu kwa kidole gumba.

"Baba yako alikuwa na ndoo," akasema.

"Ndiyo, mama. Nani alikwambia?"

"Ya bati, mshikio umefungwa waya. Alikuja nayo dirishani kwangu. Saa kumi na dakika tatu. Nikamwambia nimefunga. Akasema, mama, nimebaki mimi tu. Nikamwambia aje kesho. Akasema kesho haipo, leo ndiyo mwisho. Nikamwambia hata mimi najua leo ndiyo mwisho, ndiyo maana nimefunga."

Uani bomba lilikuwa linamwaga maji, mke wangu hakulikumbuka.

"Miaka tisa baadaye anaingia sebuleni kwangu na wazee wenzake, amekuja kumposea mwanawe. Akanitazama, nikamtazama. Akanywa chai. Hakusema, na mimi sikusema. Nikajua yamekwisha." Akazitikisa sarafu. "Alisema nini ulipoziweka hizi?"

Nilifikiria kumdanganya. Lakini nilikuwa nimeshamwangusha, ningeongeza nini.

"Alisema, 'Azilalie.'"

Mama mkwe akatoa sauti kama anataka kupiga chafya. Ilikuwa ni kicheko. Kilimtikisa mabega, kikamtoa machozi, akayafuta kwa shuka. Nimemjua miaka ishirini na miwili, sikuwahi kukisikia.

"Miaka yote hiyo," akasema. "Mzee yule. Nipeni miwani. Na kile kikoba cha nyuma ya mto."

Mke wangu akampa. Alivaa miwani, uso ukabadilika. Ukawa uso wa dirisha namba tatu.

"Mkwe. Kitanda hiki ni cha nani?"

"Ni chako, mama."

"Na mguu wake?"

"Wako."

"Na kilichogundishwa kwenye mguu?"

Nikatazama sakafu.

"Lakini mimi si mtu wa kula mali ya marehemu bure," akaendelea. "Baba yako alikuja kubadilisha pesa. Nilikosea kwa dakika tatu, au yeye alikosea kwa dakika tatu, hilo atakwenda kulijibu kila mtu kwake. Leo nafungua dirisha. Nitambadilishia. Wewe ndiye mrithi. Unataka kiasi gani?"

Laki tisa na nusu. Nilikuwa nayo mdomoni, imekaa kwenye ulimi. Kiasi cha mota, kisizidi, kisipungue, na yeye angebaki na laki mbili na nusu. Nilifungua mdomo. Mbele yangu alikaa mama wa mke wangu, chini, kwenye sakafu, nywele zimefumuka, kwa kosa langu. Mtu haanzi kutaja bei kwa mkwewe katika hali ile. Mimi nilivyolelewa, mtu hataji bei kwa mkwewe katika hali yoyote.

"Chochote utakachoona, mama," nikasema.

Mke wangu akafumba macho.

Mama mkwe alinitazama kidogo juu ya miwani, kama anayempa mteja nafasi ya kusahihisha fomu. Sikusahihisha. Akafungua kikoba. Alitoa kitabu cha risiti, kalamu, na muhuri wa posta aliouhifadhi siku ya kustaafu, tarehe yake imegandia siku hiyo hiyo.

"Sarafu nne za tano. Tano mara nne, ishirini. Kiwango cha kubadilisha kilikuwa kumi za zamani kwa moja mpya. Jumla ni mbili."

"Elfu mbili?"

"Mbili."

Sarafu ya mbili haipo tena. Hata ya kumi siku hizi ukimpa mtu anaona unamtukana. Mama mkwe alichakura kikobani, akatoa hamsini.

"Una arobaini na nane ya kunirudishia?"

"Hakuna chenji ya namna hiyo, mama. Haijatengenezwa."

"Basi nakudai," akasema, akaandika. Akapuliza muhuri, akagonga. "Weka sahihi hapa. Na hapa."

Nikaweka sahihi. Ni sahihi ya darasa la sita, lakini inasomeka.

Mchana ule alivaa, tukaenda kwa Bwana Lenzi. Yeye mbele, sarafu kwenye leso. Mimi nyuma, nabeba mkoba wake. Sarafu nne kutazamwa pande zote mbili ilikuwa elfu thelathini na mbili, nikalipa mimi, maana yeye alianza kufungua mkoba na mkono wangu ukatangulia wenyewe.

Iliyokuwa chini kabisa ilikuwa imesuguliwa na saruji, ndege amebaki mkia. Iliyokuwa juu gundi ilikuwa imemla kichwa. Ya tatu ilikuwa na ndege wa kulia, ya kawaida, magunia yake hayana idadi. Alipofika ile ya pili, Bwana Lenzi aliacha kupumua. Alitazama ukingo pia, bure.

"Imelindwa vizuri sana," akasema. "Ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeilalia," mama mkwe akasema.

Akalipwa milioni moja na laki mbili. Alizihesabu mara mbili kwa kidole kilicholowa, haraka hadi noti zikalia. Tulipotoka nje alisimama kidogo mlangoni, akaninyooshea mkoba wake nibebe, akasubiri. Nilidhani anasubiri magari yapungue. Nikamshika mkono, nikamvusha.

Upande wa pili wa barabara akasema, "Unajua nilichofikiri pale sakafuni? Kitanda kinachomwaga mtu asubuhi si kitanda."

Akaingia duka la vitanda vya chuma.

Boksi nilibeba mimi, nani mwingine angebeba. Kukiunga nilikiunga mimi. Yule mama wa bweni alisema kweli, ni spana tu. Kilipomalizika kikayumba, kwa kuwa sakafu ni ile ile. Mama mkwe, kutoka kwenye kiti, alinipa leso yenye sarafu tatu ambazo Bwana Lenzi hakuzitaka. Nikaziweka chini ya mguu. Bado kilicheza, kwa unene wa sarafu moja. Nikapapasa mfuko. Nilikuwa na ile hamsini niliyolipwa badala ya mbili. Nikaiweka. Kikatulia.

Usiku mke wangu aliniuliza, "Kwa nini hukusema laki tisa na nusu?"

"Nimwambie mama mkwe bei?"

"Umwambie mama yangu. Alikuuliza. Pale mlangoni kwa Lenzi alisimama makusudi akikungoja useme. Ameniambia mwenyewe. Akasema, 'Mumeo amenishika mkono akanivusha barabara, nikaona basi, hana shida.'"

Nikamwambia ningejua ningesema. Akasema ndiyo, ungejua kama ungeuliza, akageukia ukutani.

Gharama ni hizi. Kutazamwa sarafu yenye tundu, elfu nane. Kutazamwa sarafu nne, elfu thelathini na mbili. Kukodi jeki, elfu tatu. Redio ya mama mkwe, elfu arobaini na tano. Dawa ya kuchua kiwiko chake, elfu nne. Mkokoteni wa kukirudisha kitanda cha mbao karakana, elfu kumi. Jumla, laki moja na elfu mbili. Katika akiba yangu imebaki elfu nane, ambayo inatosha kutazamiwa sarafu moja, pande zote mbili. Vitanda sita vya bweni vimeunganishwa kwa spana na mtu mwingine. Sarafu moja ya hamsini, inayopokelewa dukani, iko chini ya mguu wa kitanda cha chuma. Na arobaini na nane nadaiwa, ipo kwenye kitabu cha risiti, imegongwa muhuri.